Walisema Ni Ile Aleji Yake

Jumanne, tarehe 11 Machi 2025, saa nane mchana, mke wangu Amisa alipiga chafya, na mi nikacheka.

Nilicheka kabisa, na misumari midomoni.

Jumapili yake nikamzika.

Mi naitwa Zakaria. Nafanya kazi ya fotei, viti vya sofa, hapa Gitega, mtaa wa Waswahili. Shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo nikikosea kuandika mnisamehe. Lakini nilichokiona, sikukosea kukiona.

Kwanza mjue kazi yetu ilivyo.

Fotei ikichoka, watu wa mji hawaitupi. Wanaileta kwangu. Nachana kitambaa, natoa ile pamba ya ndani iliyoganda kama ugali wa jana. Inapigwa kwa fimbo mpaka ifumuke, halafu inarudi ndani, kitambaa kipya juu. Mwenye fotei anasema mpya hiyo.

Kupiga pamba ilikuwa kazi ya Amisa.

Pamba ya fotei ya zamani ina miaka ya watu ndani yake, ndugu zangu. Vumbi, nywele za paka, makombo, jasho la wacha Mungu na jasho la walevi. Fimbo ikishuka, moshi unapanda.

Na Amisa alikuwa anapiga chafya.

Si moja. Si mbili. Mwanzoni kila akipiga namjibu, "Mungu akurehemu." Baadaye nikachoka, nikawa namjibu ya kwanza tu, zilizobaki anajijibu mwenyewe.

Tukaenda sante, kile kituo cha afya cha mtaani kwetu. Mkuu wake anaitwa Crispin, wao wanamwita titileri. Hata hakuinua kichwa.

"Gripi," akasema, yaani mafua makali. "Vidonge dirisha lile pale."

Tukarudi mwezi uliofuata.

"Gripi."

Na uliofuata.

"Gripi tena, mama. Msimu mbaya."

Amisa akamwambia, "Titileri, hii gripi yako ni Mwislamu. Ijumaa inapumzika."

Watu kwenye benchi wakacheka. Crispin hakucheka. Mkubwa hapendi mtu wa chini akifikiri mbele yake.

Lakini ilikuwa kweli. Ijumaa hatupigi pamba, na Ijumaa pua yake ilikuwa kavu. Akienda kwa mama yake Muyinga, kule Gashoho, ndiyo kabisa. Wiki mbili, mzima. Akirudi Gitega, hajamaliza kuvua viatu, chafya.

Mama mkwe wangu, Bi Kulthumu, anauza chumvi na ndagala soko la Gashoho. Mwanamke wa maneno machache, na yote makali.

"Mkwe," akaniambia, "nyumba yako inamkataa mwanangu."

"Nyumba haina mdomo, mama."

"Iko na kitu. We unajua ni kitu gani. Akija tena na pua ile, Gitega harudi."

Hiyo ilikuwa kunipa talaka kwa mdomo wa mama yake. Nikaogopa. Safari iliyofuata nikamsindikiza mwenyewe, na kumpendeza mama mkwe nikamshonea mito miwili mizuri. Ndani nikajaza pamba yangu ya fotei.

Usiku huohuo, Gashoho, kwa mara ya kwanza, Amisa akaanza chafya.

Bi Kulthumu akasimama mlangoni na kanga kichwani. "Kimemfuata," akasema. "Kimepanda gari na nyinyi."

Nywele zilinisimama. Kweli kabisa. Hata mi niliamini.

Asubuhi, kabla ya kuita mtu wa kusoma dua, Amisa akasema, "Tupite sante ya hapa kwanza. Majini hayana haraka."

Ndipo tukamkuta Imelda.

Huyu Imelda ni nesi, amekulia kambi za wakimbizi Tanzania, anaongea Kiswahili cha redio. Alifanya kitu ambacho Crispin hajawahi kufanya. Aliuliza.

"Macho yanakuwasha, dada?"

"Mpaka nataka kuyatoa."

"Kamasi ni nzito au majimaji?"

"Maji. Kama bomba."

"Mwili unauma? Unatetemeka? Umelala chali huwezi kuamka?"

"Hapana. Niko na nguvu ya kumpiga huyu." Akanionyesha mi kwa kidole.

Imelda akacheka, lakini termometa akaiweka kwapani vilevile. Akasubiri. Akaisoma.

"Huna homa. Sasa niambie, jana ulilalia nini?"

Tukatazamana. Mito.

"Huu ni mzio," akasema Imelda. "Ninyi huku mnasema aleji. Mwili wako unagombana na vumbi la hiyo pamba. Ukikaa karibu nalo mwaka, utapiga chafya mwaka. Ukiondoka, nao unaondoka. Gripi siyo hivyo. Gripi inakuja ghafla kama mwizi, ina homa, inavunja viungo, na inaruka kwa mwenzako. Mzio haumrukii mtu."

Halafu akanigeukia mi.

"Shemeji, hili lishike. Siku ukiona chafya na homa pamoja, usiseme mzio. Mtu mwenye mzio naye anashikwa na gripi kama wengine. Mpeleke haraka."

Nikalishika. Wallahi nililishika.

Bi Kulthumu aliposikia, akaitupa mito yangu nje, mbuzi wake akailalia. "Huyu ndiye jini," akasema akiionyesha ile mito kwa kidole, na siku ile tulicheka mpaka machozi.

Tuliporudi Gitega nikahamisha kazi ya pamba nyuma ya ukuta, nikawa napiga mwenyewe. Amisa akashika mkasi na cherehani, akawa anakata vitambaa. Pua ikakauka. Mwaka mzima sikusikia chafya nyumbani kwangu.

Habari ikatembea mtaani. Wanawake wakamtania kisimani na sokoni. "Mama Aleji! Pita mbali na kiti changu, kitakuuma!" Naye anajibu, "Kiti chako kina kunguni, siyo aleji."

Hata Crispin akajua. Alikutana naye njiani, akamwambia, "Kumbe we ni mtu wa aleji! Mbona hukusema?"

Mbona hukusema! Mtu anakuja kwako miezi na miezi, halafu mbona hukusema.

Hayo yote niliyaweka moyoni. Tukaingia mwaka huu wa 2025. Ukaingia Ramadhani, na mvua ya masika juu yake.

Ndiyo ile Jumanne.

Niko kwenye atelie, chumba changu cha kazi, nabana kitambaa, misumari midomoni. Amisa kwenye cherehani. Akapiga chafya. Moja, mbili, tatu.

Nikacheka. "Mama Yasmina! Umegusa pamba ya nani?"

"Sijagusa."

"Fotei ya mwalimu imeingia jana. Umeikalia."

"Sijaikalia, bwana. Hata sijaiona."

Nikaitoa ile fotei. Nikaiweka chini ya bati, nje. Jumatano chafya zikaendelea, nikaona basi ni mapazia. Nikayafua. Nikafagia darini. Nilikuwa nawinda vumbi, ndugu zangu, katika nyumba ambayo mvua imeinyeshea wiki nzima na kuta zinatoa maji.

Hilo la mvua nilikuja kuliona baadaye.

Msikitini, tarawehe, kulikuwa na kikohozi. Kinaanza mwisho wa safu, kinatembea mtu kwa mtu mpaka kwa imamu. Safu ya nyuma ilikuwa imejaa mwanzo wa mwezi. Jumatano ile ilikuwa nusu. Nikamuuliza Hussein, muuza mkaa, jirani yangu wa safu, wako wapi watu.

"Baridi ya mvua," akasema, akakohoa. "Watu wamelala."

Na mi nikasema ndiyo, baridi ya mvua.

Sasa hapa mnielewe vizuri, mtu asinisome vibaya.

Mchana wa Ramadhani mi simgusi mke wangu hata kidole. Baba yangu alikuwa hivyo, na mi ni hivyo. Wapo wanaosema kugusa tu hakuna neno. Sawa. Mi nilipenda kukaa mbali na mpaka. Amisa alishazoea, alikuwa anasema, "Mchana mi ni jirani yako. Jioni ndiyo unanioa tena."

Kwa hiyo nilimpima jioni.

Ndiyo, nilimpima! Neno la Imelda nilikuwa nalo. Jumanne, baada ya futari na sala, nikaweka mgongo wa mkono kwenye paji la uso wake. Baridi. Jumatano, baridi. Alhamisi, baridi na jasho linamtiririka.

"Jasho la nini hili?"

"Uji wa moto," akasema.

Homa haiko. Basi ni aleji. Imelda alisema hivyohivyo: homa haiko, aleji.

Ile Alhamisi mchana alikuja kwenye atelie amejifunga vitenge viwili, kimoja juu ya kingine.

"Baba Yasmina, nasikia baridi."

"Hata mi nasikia. Ni mvua."

"Kichwa kinanigonga."

"Ni saumu. Kichwa cha nani hakigongi saa tisa?"

"Na mgongo. Na magoti."

"Cherehani hiyo. Umekaa tangu asubuhi."

Halafu akasema polepole, "Nikifungua leo, nitalipa baadaye?"

"Mgonjwa anafungua. We unaumwa?"

Akafikiri. Natamani kujua alikuwa anafikiri nini.

"Aleji siyo ugonjwa," akasema. "Imelda alisema ni mwili kugombana na vumbi tu. Basi acha nifunge."

Akarudi kwenye cherehani.

Ijumaa, binti yetu Yasmina, ana miaka kumi na tisa, akaamka na chafya. Na kikohozi kikavu.

Nikamwambia, "Na we umerithi aleji ya mama yako."

Amisa alikuwa amelala kwenye mkeka. Akafungua macho, akamtazama Yasmina kwa muda mrefu sana. Mpaka leo naliona lile jicho. Nadhani ndipo yeye alipojua.

Ilikuwa Ijumaa. Siku ambayo pua yake ilikuwa inapumzika. Haikupumzika.

Jumamosi, baada ya adhuhuri, Yasmina akaja mbio kwenye atelie.

"Baba, njoo. Mama anaongea na mjomba."

"Mjomba yupi?"

"Mjomba Sudi."

Sudi ni kaka yake Amisa. Alikufa zamani, tulimzika Gashoho.

Nikaingia ndani. Amisa anatazama kona, anapumua kama mtu aliyepanda mlima na gunia. Midomo imebadilika rangi. Akanitazama, akaniambia kwa upole, "Sudi, funga mlango, mvua inaingia."

Mlango ulikuwa umefungwa.

Mchana ule nilimgusa. Mkono wangu uliungua.

Nikatoka barabarani kutafuta gari. Esansi haiko. Mnajua wenyewe hali ya esansi. Pikipiki zimepangwa kwenye kituo cha mafuta tangu juzi, wenyewe wamelala juu yake. Gari moja ilipita, ya wakubwa, vioo juu. Nikapunga. Ikaninyunyizia tope.

Wao esansi yao inatoka wapi? Tuliache.

Nikampakia kwenye baiskeli ya Hussein. Yasmina anamshika mgongo, mi nasukuma. Ule mlima wa hospitali kubwa wanaujua wa Gitega. Njia nzima Amisa anamwambia Sudi afunge mlango.

Daktari alikuwa kijana. Akaweka mpira wa kusikiliza mgongoni kwake, uso ukabadilika.

"Homa hii anayo tangu lini?"

"Hana homa," nikasema. "Ana aleji."

Yule kijana akanitazama hivi. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

"Mzee, ni gripi. Imeshuka kwenye mapafu. Ni siku nyingi hii."

Wakampa oksijeni. Wakampa sindano. Jumapili, kabla jua halijawa kali, Amisa akaacha kumwita Sudi. Akaacha kila kitu.

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Matanga yakawa kwangu. Watu walikuja wanakohoa, wakakaa kwenye fotei za wateja kwa sababu viti havikutosha. Bi Kulthumu alifika Jumatatu juu ya lori la viazi, ameloa. Hakunilaumu. Aliniuliza tu, "Ni ile pamba?"

"Hapana, mama. Siyo pamba."

"Basi ni nini?"

Nikashindwa kumwambia ni gripi. Kitu ambacho mtaa mzima unapangusa na kanga.

Mkuu wa mtaa naye akaja, akakaa mbele, akakohoa kidogo, akatoa hotuba. "Ndugu zangu, mficha maradhi, kifo humuumbua."

Nikasimama. Watu wakanishika. Mficha maradhi nani? Amisa alificha nini? Mkuu huyuhuyu, Jumamosi ya kazi za jamii anapita na kipaza sauti mlango kwa mlango, asiyetoka na jembe anajulikana. Gripi ilipoingia kila nyumba, kile kipaza sauti kilikuwa wapi? Betri ziliisha?

Wakanikalisha.

Jioni Yasmina akaja kukaa karibu nami. Analia, anakohoa. Yeye alipona, Alhamdulillah.

"Baba, homa alikuwa nayo."

"Nilimpima kila jioni."

"Alikuwa anameza parasetamoli na futari. Kila siku. Kwa kichwa. Na daku anameza tena. Jioni ulikuwa unagusa dawa, baba."

Unaona?

Mwanamke anafungua kwa tende na kidonge. Saa moja baadaye mume anaweka mkono, baridi, jasho. Asubuhi dawa inaisha, homa inarudi, na mchana wote hakuna mkono. Ugonjwa ulijua ratiba yetu kuliko sisi.

Nilifikiri hapo ndipo mwisho wa maumivu. Kumbe.

Siku ya tatu akaja Klara, jirani yetu Mkatoliki, anayefagia pale sante. Alileta maharage kwenye sufuria. Akabaki amesimama mlangoni, haketi, haondoki.

"Klara, keti."

"Baba Yasmina, iko kitu kinanila roho. Amisa alikuja."

"Alikuja wapi?"

"Sante. Alhamisi. Saa saba ya mchana."

Mi Alhamisi saa saba nilikuwa msikitini, adhuhuri. Nilirudi, ndipo akanijia kwenye atelie na vile vitenge viwili. Hakuniambia.

Klara akaendelea. "Benchi ilijaa. Wagonjwa wa gripi, wanatetemeka, wote. Titileri na wenzake wamevaa barakoa. Amisa akakaa mwisho, amejifunika. Titileri akatokea mlangoni, akamuona. Akasema kwa sauti, 'Mama Aleji! Na we umefuata nini hapa? Nenda nyumbani, uache kupiga pamba.' Watu wakacheka, wale wenye nguvu ya kucheka."

"Na Amisa?"

"Akasema, 'Lakini sijapiga pamba.' Titileri alikuwa ameshaingia ndani. Akakaa kidogo. Halafu akainuka, akaenda."

Kwa hiyo saa tisa aliponiuliza kama afungue, alikuwa ametoka kufukuzwa na sante ya serikali. Aliniuliza mi kwa sababu wenye kazi ya kujibu walikuwa wamemcheka.

Nataka mchukue hili, nyinyi mnaosoma. Mi limenigharimu mke.

Chafya yenye macho kuwasha, kamasi ya maji, hakuna homa, inayokuja na vumbi na kuondoka na vumbi, hiyo ni aleji. Chafya ya ghafla yenye homa, baridi, kichwa, viungo kuvunjika, na mwenzako naye anaanza, hiyo ni gripi, na pumzi ikibana usingoje hata dakika. Parasetamoli inaficha homa. Pima kabla ya dawa. Na mtu akishaitwa jina la ugonjwa mmoja, mchunguze mara mbili, kwa sababu jina hilo litazuia watu kumtazama.

Hayo ndiyo ya kwangu. Sasa bado ya kwao.

Arobaini ilipopita nilikwenda sante. Sikupiga kelele. Nilikaa kwenye benchi ileile mpaka watu wakaisha. Crispin akanikaribisha ofisini, pole nyingi, Mungu ndiye mpangaji.

Nikamuuliza, "Titileri, Alhamisi ile, mbona hukumpima mke wangu?"

Akafungua mikono. "Mzee Zakaria, termometa iko moja hapa. Moja tu kwa mtaa mzima. Niliomba juu, hawajaleta. Watu ni wengi. Siwezi kumpima kila mtu."

"Mlimpima nani?"

"Wenye homa tu. Wenye homa ndio tunawapima."

Nikamwambia arudie. Akarudia. Wenye homa tu.

Nikamuuliza swali moja. Alitazama dirishani, akaangalia simu, akaniambia sante inafungwa. Nikalipeleka kwa mkuu wa mtaa, akasema siyo kazi yake. Nikalipeleka ofisi za komini, nikaambiwa nije siku nyingine, nikaenda siku nyingine, nikaambiwa nije siku nyingine.

Basi naliweka hapa, labda kati yenu yuko mtu aliyesoma kuliko mi.

Ulijuaje nani ana homa, kabla ya kumpima?